Nukta Kwenye Mkia wa Tai

Shizuyo, mjane wa miaka hamsini na mbili, alikuwa mpakiaji katika kiwanda cha miso, rojo la soya la kuungia mchuzi, mjini Iida. Kila alichodunduliza kiliishia kwenye kamera na filamu za kupigia nyota. Jumanne, katika picha yake moja, aliona nukta kwenye mkia wa kundi la nyota la Tai, mahali ambapo hapakuwahi kuwa na kitu. Huenda ni nyota mpya. Huenda ni vumbi. Filamu aliyoipiga usiku uliofuata ndiyo ingeamua, nayo ilikuwa ya mwisho kati ya zile alizozioka siku tatu ndani ya mtungi wa hidrojeni ili zinase mwanga hafifu.

Asubuhi alijifungia kwenye kabati la magodoro lililopakana na jiko, akaziba nyufa kwa blanketi, maana mwanga ungeiharibu filamu. Gizani, vidole vyake vikaanza kuizungusha filamu kwenye kigurudumu cha kopo la kuisafishia, taratibu, isigandane.

"Wifi!" Kinu, dada wa marehemu mumewe, aliita kutoka jikoni. "Chai inapoa. Au umeolewa na hilo kabati?"

"Usifungue mlango!"

"Nani ana shida nao?"

Mara sakafu ikanguruma. Vyombo vikagongana, nyumba ikayumba. Mlango ukateleza kwenye reli yake, mwanga ukapenya. Shizuyo aliikumbatia filamu tumboni, akajikunja akiupa mlango mgongo.

"Toka! Nyumba inatuangukia!"

"Nifungie mlango!"

"Una wazimu wewe? Ufe kwa ajili ya picha?"

"Wifi, nakuomba. Funga!"

Kinu alimtukana vibaya, lakini hakukimbia. Aliusukuma mlango ukafunga, akaushikilia kwa mgongo huku rafu ya sahani ikimwagika miguuni pake.

Tetemeko lilipopita, Shizuyo alirudi kuizungusha filamu gizani. Filamu ilimponyoka mara mbili kabla hajafaulu kufunga kifuniko cha kopo. Ndipo akatoka, akamimina dawa ya kusafishia picha, akawa analipindua kopo kila nusu dakika, Kinu akimhesabia sekunde huku kisigino kikimvuja damu.

Nusu ya filamu ilitoka nyeusi tii. Mwanga ulikuwa umeiunguza. Picha nne tu zilisalimika. Kwenye ya tatu, nukta ilikuwa palepale.

Shizuyo alipiga simu kituo cha nyota. Alisikiliza, akashukuru, akakata.

"Wamesemaje?"

"Ni nyota kweli. Ila kuna mtu wa Okayama kaniwahi kuitangaza kwa saa tano."

Kinu alichechemea hadi pale alipo. "Hebu nami niione."

Aliinamia kioo cha kukuzia, akakunja uso.

"Mbona nyeusi?"

"Kwenye filamu, wifi, nyota zote huwa nyeusi."