Miwani ya Mkiwa na Kibuyu cha Baba Yako

Siku ninayoikumbuka kila nikisikia pikipiki ikiwashwa, mwanangu, ni ile wakufunzi wa usalama barabarani walipokuja kijiweni Mkiwa na miwani yao. Ukiivaa unaona kama mtu aliyekunywa pombe na kuvuta bangi kwa pamoja. Vijana wa bodaboda wakaivaa, wakaambiwa wafuate kamba iliyolazwa chini. Tulicheka hadi machozi, na mimi shangazi yako nilicheka kuliko wote.

Zamu yangu ikafika. Mkufunzi, dada mmoja mpole, akaninyooshea kikombe cha maji. Nikashika hewa. Nikajaribu tena, nikashika hewa. Hapo kicheko kikanikauka, maana nilikumbuka kibuyu nilichompa baba yako.

Hili sijawahi kukuambia. Ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Baba yako, mdogo wangu, alikuja kutusaidia kupura mtama, na desturi yetu unaijua: aliyepura haondoki bila kibuyu cha mwisho cha mtukuru, pombe yetu ya mtama. Kumnyima ni kumdhalilisha mbele za watu. Nilisikia harufu ya bangi mwilini mwake. Nikajidanganya kwamba pombe itaipooza.

"Dada, unaniacha niondoke hivihivi?" akaniuliza.

Nikaona aibu, nikamjazia. Alipapasa kwanza kabla ya kukishika, nikadhani ananitania. Akawasha pikipiki yake, na hata lami hakuifikia. Aliwavaa ng'ombe waliokuwa wanarudi zizini, akaangukia kichwa.

Mkufunzi yule akanivua miwani. "Hii inayumbisha macho tu, mama," akasema. "Akili bado unayo. Pombe na bangi vikikutana kweli, na akili nayo inaondoka."

Mimi nilivuliwa miwani, nikaona sawasawa. Baba yako unamwona: kila asubuhi ananiamkia shikamoo, kisha ananiuliza mimi ni mama wa nani. Inaniuma, mwanangu, na sijazoea.

Sasa umepata leseni, na msimu wa kupura umefika. Bangi usiiguse. Ukinywa, lala hapohapo, na asikudanganye mtu kwamba kimoja kinapooza kingine. Ukimwona mwenzako yuko hivyo, mnyime kibuyu, mnyang'anye na ufunguo. Akununie tu, hata mwaka mzima.

Haya, nenda. Mungu akutangulie njiani, akurudishe ukiwa unamjua kila anayekufungulia mlango.