Supu ya Asubuhi Guangzhou

Ninyi wa Mwanza mnaonicheka kwenye grupu, kisa chenyewe nakisimulia mwenyewe, tena sijutii.

Kila nikija Guangzhou kununua nguo nilikuwa nakula kwa Waafrika wenzangu. Safari hii nikamwambia laoban, yaani bosi anayeniuzia magauni pale soko la Shahe: "Leo nipeleke mnakokula ninyi." Nikamchukua na shoga yangu Neema, mgeni wa jiji, nikimtambia kwamba chakula cha huku mimi ndiye mwalimu wake.

Ilikuwa asubuhi, mkahawa umejaa. Laoban akamimina birika zima linalofuka mvuke kwenye bakuli kubwa katikati ya meza, kisha akaenda kaunta kuchagua vitafunwa. Mimi nikajua hiyo ni supu! Nikaikamulia ndimu yangu ya kwenye mkoba, nikatia na pilipili.

"Mbona haina hata mfupa?" Neema akauliza.

"Wenyeji hawapendi mafuta, shoga. Kunywa."

Tukanywa mpaka nusu. Laoban akarudi, akalitazama bakuli, akatutazama sisi. Akachukua kikombe chake na vijiti vyake, akavitumbukiza humo, akavisuuza. Nikageuka: kila meza watu walikuwa wanasuuza vikombe ndani ya supu.

Neema akaweka kijiko chini. "Kumbe tunakunywa maji ya kuoshea vyombo?"

Nikachota kijiko kingine, nikakinywa huku nikimkazia macho.

"Ndimu imekolea," nikasema.