Sabuni ya Mkwe Wangu

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa fimbo ndefu ya kukorogea shuka ndani ya pipa la maji yanayochemka, nyuma ya hospitali moja ndogo karibu na Lushoto, enzi za Mwingereza. Asubuhi za milimani baridi huuma masikio, kwa hiyo nilifurahi kupata kazi yenye moto. Dobi Mkuu, mzee wa Kibondei mwenye maneno makavu, alinifundisha hatua zote: kuloweka nguo kwenye maji baridi ili damu isigande, kuchemsha, kufikicha, kusuuza mara tatu, kisha kutia buluu kidogo ili nyeupe isigeuke njano. Wanga tuliweka kwenye sare za wauguzi tu.

Tulifulia sabuni ya mche mpaka ulipoletwa unga wa kufulia, wa debe. Lo, unga ule ulitakatisha! Metroni, yule mama wa Kizungu aliyewasimamia wauguzi, alipita kwenye kamba akipapasa shuka. "Sasa hospitali yangu inang'aa," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza madobi kusifiwa, nasi tukavimba vichwa.

Baada ya siku chache vidole vyangu vilipasuka, nikawa nakula ugali kwa kijiko kama mgonjwa. Kisha watoto wachanga wa wodi ya wazazi wakaanza kutoka vipele, mapaja mekundu, wakilia kila wanapofungwa nepi. Wauguzi walisema ni baridi. Mimi nilijua, maana wekundu ule ule ulikuwa mikononi mwangu. Nikamwambia Dobi Mkuu.

"Mdogo wangu," akanijibu, "hapa tunafua nguo, hatufui maneno. Metroni kaupenda unga wake."

Nikanyamaza wiki tatu nzima. Lakini mke wangu alikuwa mjamzito wa mtoto wetu wa kwanza, na angejifungulia wodi ile ile. Siku zake zilipokaribia, hofu ilinishika kwelikweli.

Mama mkwe wangu, upande wa Vuga, alikuwa fundi wa sabuni ya majivu. Alichoma maganda makavu ya ndizi, akatia majivu kwenye chungu chenye matundu, akamimina maji juu na kukinga yaliyochuruzika chini. Hayo ndiyo magadi. Aliyachemsha na mafuta ya kondoo mpaka yakawa mazito. Mwisho unaonja kwa ncha ya ulimi: ikiuma, magadi yamezidi, ongeza mafuta.

Nikaenda kwake na mke wangu ili anifundishe, lakini shida ilikuwa adabu. Kwetu mkwe hasemi na mama mkwe ana kwa ana, wala hatii kitu kinywani mbele yake. Basi mimi nilikoroga nje, yeye akaelekeza akiwa mlangoni, na mke wangu akapeleka maneno huku na huku, ingawa sote tulisikiana vizuri. Ulipofika wakati wa kuonja, nikaona haya, nikajifanya nimeonja. Sabuni hiyo nikafulia shati langu kwanza, likaniwasha kutwa nzima kazini.

Niliporudi na kukiri, mama mkwe alicheka mpaka akashika mlango. "Mwambie mumeo nageuka, natazama migomba. Aonje!"

Nikaonja, ulimi ukauma. Tukaongeza mafuta, tukachemsha tena. Mara ya tatu ikatulia.

Nikaipeleka kwa Metroni. Alikunja pua. "Inanuka kondoo."

"Ndiyo, Mama. Naomba nifulie nepi tu, wiki moja. Vipele visipopungua, nifukuze kazi."

Akamgeukia Dobi Mkuu, ambaye hakunituma wala hakujua habari ya sabuni hii. Mzee akakohoa, akasema, "Nitasimamia mwenyewe, Mama." Nampenda kwa neno hilo mpaka leo.

Nepi zilitoka na rangi ya chai ya maziwa, lakini wiki haikuisha kabla wodi haijatulia. Metroni akaamuru unga ubaki wa kuoshea sakafu tu. Binti yangu alizaliwa hapo, akatoka na ngozi laini, bila kipele hata kimoja.

Nilifua miaka mingi baada ya hapo, nikawa Dobi Mkuu mimi mwenyewe, nikastaafu na mikono mizima. Sina manung'uniko. Vijana mnaponiuliza kuhusu sabuni hizi za leo zenye harufu kali, nawaambia msidanganywe na weupe wa nguo, itazameni ngozi.

Nanyi hunisifu kuwa nilikuwa jasiri. Asanteni, lakini nisiwadanganye. Nepi za unga nilizianika wiki tatu nikijua zinaunguza. Nilimwendea Metroni ilipokaribia zamu ya mwanangu, na waliolia kabla yake walikuwa watoto wa wenzangu.