Pua ya Bwana Utting

Manispaa yetu pembeni ya Wellington ilikuwa na malori mawili ya taka, nesi mmoja mwenye baiskeli, na pua ya Bwana Clarrie Utting. Lori moja lilikuwa bovu. Nesi alikuwa mtu wa kuanguka. Pua haikuharibika hata siku moja.

Utting alikuwa bwana afya wetu miaka ishirini na sita. Mtu mrefu, mkimya, kofia imemzama mpaka masikioni. Akisimama stesheni ya treni aliweza kukwambia ni nyumba gani mtaani kwetu imeunguza uji, na kama aliyeunguza ni mke au mume. Nilikuwepo, msinibishie.

Mimi na yeye tulikutanishwa na uvundo. Nilikuwa nimehamia mjini na mume wangu, aliyepata kazi kiwanda cha nyama, na sisi Wamaori tuna mahindi yetu: unayalowesha majini wiki sita, saba, yavunde vizuri, kisha unapika uji. Kijijini gunia lilikaa mtoni. Mjini nikaweka pipa nyuma ya nyumba, jirani akakimbilia ofisi ya manispaa kusema nimezika mtu.

Utting akaja, akafuata pua yake moja kwa moja hadi kwenye pipa.

"Mama Tiripa, hiki ni nini?"

"Chakula."

"Cha nani?"

"Chako, ukikaa."

Akakaa. Nikampa bakuli lenye sukari na krimu. Kijiko cha kwanza machozi yalimtoka. Cha nne akaniuliza kama kuna zaidi. Akaniagiza tu nitie kifuniko na nibadilishe maji kila siku, akaenda zake.

Sasa, mwaka wa hamsini na tatu, majira ya baridi, watoto wawili wa Ngahuia, binti wa kaka yangu, walishikwa na homa ya matumbo. Ngahuia alikaa nyumba ya tatu kutoka kwangu, na jikoni mwake mlinuka kila mvua iliponyesha. Mwenye nyumba, Bwana Gormley, alisema uchafu ni wa wapangaji. Akampa notisi: Ijumaa atoke na watoto wake wagonjwa. Kumbe alijua vizuri kwamba bomba la maji machafu likionekana limepasuka, atalazimishwa kung'oa sakafu na kulitengeneza kwa gharama yake, na notisi itakufa.

Alhamisi Utting akaja kulipima. Kipimo chenyewe kilikuwa hivi: msaidizi wake, Doug, anamimina mafuta ya mnanaa na maji ya moto kwenye bomba la nje. Doug haruhusiwi kuingia ndani, maana harufu imeshamganda. Ndani, madirisha yamefungwa, Utting ananusa. Mnanaa ukitokea jikoni, bomba limepasuka.

Doug akamimina chupa nzima. Mara Gormley huyu hapa, anaingia na mfuko wa pipi za mnanaa, mashavu yote mawili yamejaa.

"Karibu moja, Bwana Utting?" Akapulizia pumzi kila kona kama mtu anayezima mishumaa.

Utting akanusa, akavua kofia. "Mnanaa upo. Siwezi kuapa unatoka wapi."

"Unatoka kwa huyu mshenzi!" nikasema. "Andika tu limepasuka. Si unajua?"

"Najua, mama. Ila naandika nilichonusa. Nikidanganya kwa ajili yako leo, kesho yeye ataniomba nidanganye kwa ajili yake."

Ngahuia akaanza kukunja nguo za watoto. Hakulia. Hilo ndilo lililoniuma.

Nikamwambia Utting, "Kuna harufu nyingine unayoijua vizuri."

Akanitazama. Kisha, polepole, akavaa kofia. "Umimine mwenyewe. Na usiingie ndani."

Nikalikokota pipa. Doug alinipisha kwa heshima zote, mpaka ng'ambo ya barabara. Nikachota maji ya mahindi ndoo mbili, nikayachanganya na ya moto, nikayamimina yote, kisha nikaenda kubandika uso kwenye kioo cha jikoni.

Utting akapiga magoti, akaishusha ile pua hadi kwenye ufa wa mbao karibu na sinki. Akatulia kama mtu anayesali. Alipoinuka, machozi yalikuwa yanamtoka.

"Mahindi," akasema. "Yanatoka chini ya sakafu."

Gormley akaziba pua kwa kitambaa. "Si sakafu! Ni... ni mimi. Nimeyala asubuhi."

"Umeyala?"

"Nayapenda sana."

Nikagonga kioo, nikainua kiganja. "Shangazi anasema ngoja," Ngahuia akawaambia, na kwa mara ya kwanza wiki ile nikaona meno yake. Nilikimbia nyumbani, nikarudi na bakuli limefurika, nikalipitisha mlangoni bila kukanyaga ndani. Sukari sikutia.

"Karibu, baba. Usituonee haya," nikamwambia.

Utting akamvutia kiti. Gormley akalitazama bakuli, akatazama kijiko. Akakipeleka hadi kwenye mdomo. Rangi yake ikawa ya majani, nawaambia, majani mabichi kabisa.

"Litengenezeni hilo bomba!" akapiga kelele, akatoka mbio. Pipi zake akazisahau mezani.

Utting akaandika mstari mmoja, akatia sahihi. Ijumaa hakuhama mtu. Jumatatu wakang'oa mbao, wakakuta bomba limekatika vipande viwili, na ndani yake samaki mkunga, yule mrefu kama nyoka, mnene kama paja langu, na paja langu siku hizo halikuwa mchezo. Utting anadai alikuwa mnyoo. Aliyeshika taa ni mimi.

Watoto walipona mwezi uliofuata, wakamaliza zile pipi.

Utting alipostaafu, manispaa ilimpa saa ya ukutani, mimi nikampa pipa lenye kifuniko. Mkewe akaliweka mwisho kabisa wa bustani. Haukupita mwezi, jirani yake akaenda kumshtaki, na bwana afya mpya akaja anafuata pua, daftari mkononi.

Utting alikuwa amekaa kwenye kiti nje. Akamwonyesha kiti cha pili, akampa kijiko.