Motere ya babu

Leo pale kwenye kinu cha unga harufu ya mafuta ya motere ilinipiga puani, nikashikwa na woga uleule wa utotoni.

Nilikuwa mdogo. Babu alikuwa amekufa, na motere ya lori lake la zamani, injini yenyewe tu, ilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya turubai. Katika mji mzima wa Kasongo hakukuwa na ya pili. Baba mdogo akaja na ufunguo mkubwa wa kufungulia nati na boloni, akitaka kuifungua aiuze vipande-vipande kwa wachimbaji wa dhahabu wa Salamabila.

"Mama, chuma hakiliwi," akamwambia bibi akicheka. "Iko inaoza bure."

"Baba yako iko anapumua ndani mule," bibi akamjibu. "Wee fungua boloni moja tu, na mie nafungua kikwembe."

Kicheko kikakatika. Kwetu, mama akivua nguo mbele ya mwanawe, amemlaani mpaka kaburini. Hata hivyo baba mdogo akaweka ufunguo juu ya boloni. Bibi akashika fundo la kikwembe, kitenge alichojifunga kiunoni.

Nilifumba macho, maana baba mdogo nilimpenda. Nikasikia ufunguo ukianguka chini. Nilipotazama, boloni ilikuwa mahali pake na fundo halijafunguliwa, lakini vidole vya bibi vilikuwa bado juu yake.