Tumekosa zahanati kwa kuogopa kuhesabu watoto

Leo tumekosa zahanati, na tumejikosesha wenyewe.

Afisa wa serikali kutoka mjini Siakago alituambia kwenye baraza kwamba kulingana na sensa, kijiji chetu kina watu wachache mno kujengewa zahanati.

Nikasimama na hasira. Wachache? Si shule imejaa hadi watoto wanakaa chini!

Nikamgeukia jirani yangu. "Mama Ireri, hebu mwambie una watoto wangapi."

Akaniangalia kana kwamba mimi ni mchawi. "Wewe! Watoto wa watu hawahesabiwi. Unataka wafe?"

"Na yule wa sensa ulimwambia wangapi?"

"Wawili."

Ana saba! Na watu wakampigia makofi.

Afisa akapanda pikipiki akaenda zake.

Sasa niambieni wazazi wenzangu: mmoja wa wale mliowaficha akishikwa na malaria usiku, mtampeleka wapi?