Pungu Aliyehamia kwa Ndila

Miaka kumi na minane tai aitwaye pungu alilea makinda yake kwenye mgunga wa Kalekye, kule Ikutha. Mwaka juzi Kalekye akaukata mgunga huo achome matofali, ili nyumba yake ipite ya Ndila, mke mwenzake. Nyumba ikapita kweli. Pungu naye akahamia mgunga wa Ndila, ng'ambo ya korongo.

Hilo lilimkaa Kalekye kooni kama mfupa. Marehemu Mulwa, mume wao, alilala kwa Ndila siku nyingi kuliko kwake, na hilo Kalekye alilivumilia. Lakini hata ndege? Sasa Waithera, msichana wa kuhesabu ndege, anakuja kila mwezi na darubini na daftari lake, anasema hawa pungu wanaisha duniani. Ndila anaitwa Mama Pungu, mpaka kanisani.

"Mama Nzioka, njoo uone kinda! Kametoa manyoya," Ndila humwita.

"Mimi niliona makinda ukiwa bado kwa baba yako," Kalekye hujibu bila kugeuza shingo.

Asubuhi moja, akipalilia ndengu, alimwona korongoni mbuzi aliyeuawa na fisi, mali ya jirani yao Kaloki. Kaloki alikuwa amempasua tumbo na kumnyunyizia unga wa sumu, fisi akirudi akome. Nzi walikuwa wamekufa juu ya nyama. Na huko juu pungu anazunguka, uso mwekundu, mkia mfupi kama uliokatwa kwa panga.

Kalekye akaegemea jembe. Hakuhitaji kufanya lolote. Asimame tu hapo, na kufikia jioni Mama Pungu atakuwa Ndila tena, mjane kama yeye.

Ndege akashuka. Akashuka tena.

"Toka! Shii! Mjinga wewe, hujui kitu kibaya?"

Alijikuta anarusha mawe, leso imeanguka. Alichimba mpaka jua likafika utosini, akausukuma mzoga shimoni kwa jembe, akaufukia, akapanga mawe juu. Ndila alimkuta hapo, vumbi mpaka kwenye nyusi, naye Kalekye akamsimulia yote kwa maneno matatu.

"Ai, Mama Nzioka! Umeniokolea pungu wangu!"

"Wako?" Kalekye alisugua jembe kwa mchanga. "Huyo ni wangu. Kwako analala tu, kama Mulwa."

Ndila akacheka mpaka akakaa chini. Kalekye hakucheka.

"Na Waithera akija, nitakuja kwako mwenyewe. Aandike jina langu daftarini mwake, na liwe juu ya lako."